Projekta moja, watoto 92: nianzie wapi?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Nafundisha darasa la tano katika shule ya msingi ya serikali wilayani Handeni, Tanga. Darasa langu lina watoto 92. Tuna projekta moja na kompyuta mpakato mbili za msaada, na sisi walimu tuna vile vishikwambi tulivyogawiwa baada ya sensa. Umeme upo, ila unakatika. Mwalimu mkuu amefungia projekta na kompyuta kabatini tangu mwaka jana, anasema zikiharibika nani atalipa. Sasa kuna kijana aliyesoma hapa zamani, yuko Dar es Salaam, anataka kutununulia vishikwambi 20 vya wanafunzi. Baadhi ya wazazi wanasema skrini zitawaharibu watoto. Kamati ya shule imeniomba maoni. Nianzie wapi, na hivyo vishikwambi tuvikubali?

JIBU: Marahaba, Mwalimu. Pole na hao 92. Darasa langu kubwa kuliko yote lilifika 104, kwa hiyo nakuelewa. Mtu wa semina akikwambia "hakikisha kila mtoto anagusa kifaa" unatamani umkabidhi chaki, wewe uende zako chai.

Nianze na kabati, maana lisipofunguka mengine yote ni hadithi. Nadhani mwalimu mkuu wako haogopi wezi wala watoto. Anaogopa leja. Projekta imeandikwa humo, sahihi ni yake, na siku mkaguzi akija yeye ndiye atakayesimama kujibu. Ukimwendea na maneno ya haki ya mtoto utamwonea bure. Mpelekee karatasi. Kamati ikae, iandike kwenye muhtasari wake mambo mawili. Kwanza, kifaa kikiharibika ndani ya kipindi kilichomo kwenye ratiba, hasara ni ya shule, si ya mwalimu. Pili, hakuna kifaa kinachotoka bila kusainiwa katika daftari la kuazima: tarehe, kipindi, jina, hali kikitoka, hali kikirudi. Nimeshuhudia makabati matatu yakifunguka kwa njia hiyo. La nne liligoma mpaka mwalimu mkuu alipohamishwa.

Mpe na habari hii, huenda ikamshtua zaidi ya muhtasari. Betri za kompyuta na vishikwambi hujimaliza polepole hata kifaa kikiwa kimezimwa. Ikifika sifuri na kukaa hivyo miezi kadhaa, inaweza isiamke tena. Yaani kifaa chake kinaharibika humo humo kabatini, na leja bado anayo. Ikibidi kufungia vitu wakati wa likizo ndefu, viachwe na chaji ya nusu hivi, na mtu avichaji tena kila baada ya miezi miwili. Projekta yenyewe haina betri, lakini ikiwa ni ya taa ya kawaida, ukishaizima usichomoe waya mpaka feni inayoipoza taa inyamaze. Ndiyo maana umeme unaokatika huzimaliza taa hizo mapema.

Sasa darasani. Wanachuo wangu huwa nawauliza swali moja kabla hawajagusa kitufe chochote: katika mada hii, chaki inashindwa wapi? Kama haishindwi, tumia chaki. Kugawanya kwa njia ndefu hakuhitaji projekta. Ubaoni mtoto anaona namba zikishuka moja moja kwa mwendo wa mkono wako, na ukikosea anakuona ukifuta. Chaki inashindwa kwenye mambo machache tu. Haiwezi kuonesha kitu kinachotembea au kitu kinachokua taratibu mno. Haiwezi kuleta kilicho mbali, kama bahari kwa mtoto wa bara. Haina sauti. Na haiwezi kumrudishia mtoto sauti yake mwenyewe, jambo ambalo nitalirudia baadaye kwa sababu ndilo ninalolipenda kuliko yote.

Mimi mwenyewe nilijifunza hilo kwa aibu. Mwaka wa kwanza tulipopata projekta nilionesha video ya volkano, dakika 22, mwanzo hadi mwisho, watoto kimya kama wako msikitini. Nikajipongeza. Kesho yake nikauliza tulijifunza nini. Walichokumbuka ni helikopta iliyombeba mpiga picha. Helikopta! Sikuwa nimewauliza swali lolote kabla ya kuwasha, kwa hiyo kila mmoja alijitafutia cha kutazama.

Tangu hapo utaratibu wangu ni huu. Kipindi ni dakika 40, video haizidi nne, tano. Kabla ya kuwasha, swali linakaa ubaoni na kila mtoto anaandika jibu lake daftarini, kwa kalamu, ili asije akalibadilisha. Nazima sauti ya video. Nyingi zina Kiingereza cha haraka, na mtoto akishindwa kukifuata anaona aibu na kuacha kutazama pia. Sauti iwe ya kwako. Unasimamisha katikati, unauliza "sasa itakuwaje?", wanabishana, unaendelea. Halafu unarudisha mwanzo na kuionesha yote mara ya pili, safari hii mtoto mmoja akisimulia.

Na video si lazima itoke mtandaoni. Somo bora la projekta nililowahi kuliona lilitengenezwa na darasa lenyewe kwa kishikwambi cha sensa. Mwalimu mmoja alichukua glasi ya kioo, akaizungushia pamba yenye maji kwa ndani, akapachika maharage manne kati ya pamba na kioo ili yaonekane kwa nje. Glasi ikakaa dirishani. Akachora alama mbili kwa chaki, moja pa kuweka glasi, nyingine pa kuweka kishikwambi, ili kila picha ipigwe kutoka pale pale. Zamu zikapangwa: picha asubuhi, picha wakati wa kwenda nyumbani. Kabla ya yote alipiga kura: kitatoka nini kwanza, mzizi au jani? Jani lilishinda kwa mbali. Siku ya tatu mzizi ukachungulia, na darasa zima likapanga foleni dirishani kushuhudia uchaguzi ukipinduka.

Siku ya tano akaipindua glasi juu chini. Watoto walidhani amekosea. Picha zikaendelea kupigwa. Baada ya siku kumi alikuwa na picha kama 20, akaziweka kwenye projekta na kuzipitisha haraka haraka kwa kidole, moja baada ya nyingine, na pale ukutani watoto wakauona mzizi ukigeuza shingo na kutafuta chini upya. Mimea hufanya hivyo kila siku mbele ya macho yetu, ila jicho halina subira. Sekunde nane tu za kutazama, wala bando halikuguswa. Mada ya mwitikio wa mmea kwa mvutano wa dunia, ambayo kwenye kitabu ni mistari mitatu, ilikula vipindi viwili kwa maswali.

Mambo ya chumba, kwa kifupi. Ubao mweusi humeza mwanga, kwa hiyo tundika shuka jeupe. Vitenge viwili vitatu kwenye madirisha ya upande wa jua, na kipindi kiwe cha asubuhi. Watoto 92 hawataona picha kwa pamoja, hivyo nusu waingie, nusu wabaki chini ya mwembe na kazi iliyoandikwa na kiranja mwenye akili, kisha wapishane. Utaonesha mara mbili, ndiyo. Mara ya pili utafundisha vizuri zaidi.

Nilisema nitarudi kwenye sauti. Sensa ya Agosti 2022 ilipokwisha, vishikwambi vya makarani vikagawiwa walimu, na wengi wetu tunavitumia kwa maandalio ya masomo na, tuseme ukweli, mpira. Lakini kile ni kinasa sauti kizuri sana. Darasa la tano unao watoto wasiosoma vizuri, najua, hata kama kwenye taarifa wamepita. Chukua aya moja kutoka kitabu cha darasa la tatu. Kila siku waite watoto watano, mmoja mmoja, mlangoni pasipo na kelele, kila mmoja asome dakika moja huku ukirekodi. Kwa siku 19 za shule umelimaliza darasa zima. Halafu, na hapa ndipo penye kazi, mrudishie hapo hapo. Ajisikilize huku akifuata maneno kwa kidole.

Mvulana mmoja alisoma "wa-li-kwe-nda-so-ko-ni" kama anayepanda ngazi na ndoo kichwani. Nilipomchezea, alisikiliza, akakunja uso, akasema: "Mwalimu, huyu anasoma kama anahesabu." Sikumsahihisha. Akaomba arudie. Mara ya tatu "walikwenda" likatoka mzima. Miaka yote niliyomwambia mtoto "unganisha silabi" sikuwahi kupata matokeo ya haraka namna hiyo.

Rekodi hizo ni za kazi. Zikishatumika zifute, na usizitupe kwenye kundi la WhatsApp la walimu ili watu wacheke. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ipo, na hata isingekuwepo, sauti ya mtoto anayejikwaa si kichekesho. Picha zao vivyo hivyo.

Tuje kwa kijana wa Dar es Salaam. Ninyi watu wa Tanga mna historia na jambo hili, kamati ikumbushwe. Kuanzia mwishoni mwa 2017, shindano la programu za kujifunzia, Global Learning XPRIZE, lilipeleka vishikwambi katika vijiji karibu 170 vya mkoa wenu, kwa watoto wapatao 2,700, wengi wao hawajawahi kukanyaga shule. Hapakuwa na mwalimu. Mwanzoni zaidi ya asilimia 90 hawakuweza kusoma hata neno moja la Kiswahili. Baada ya miezi 15 idadi ya wasioweza ilikuwa imepungua kwa nusu. Mwaka 2019 timu mbili zilizotengeneza programu hizo, Kitkit School na onebillion, ziligawana zawadi ya dola milioni 10.

Watu hupenda kuishia hapo na kupiga makofi. Mimi natazama masharti. Kila mtoto alikuwa na kishikwambi chake peke yake. Programu zilikuwa za Kiswahili tangu mwanzo, hazikuhitaji mtandao, na kila kijiji kilikuwa na kituo cha kuchaji kwa umeme wa jua. Hata hivyo, waliobaki bila kusoma ni wengi. Wewe una watoto 92 na utapata vifaa 20. Hilo ni jambo jingine kabisa, na ukilifanya kama lile la vijijini litakushinda.

Peru iligawa mamia ya maelfu ya kompyuta ndogo kwa wanafunzi wake wa vijijini, na watafiti walipopima Hisabati na usomaji hawakukuta tofauti ya maana. Mashine zilifika, vipindi vikabaki vile vile. Majirani zetu Kenya waliahidi mwaka 2013 kompyuta kwa kila mtoto wa darasa la kwanza. Vifaa vilipoanza kufika mwaka 2016 vilikuwa vishikwambi, pamoja na projekta na seva ndogo ya kuhifadhia masomo kwa kila shule, na kabla ya hapo walihangaika kwanza kuzipelekea shule umeme. Una maoni yako kuhusu mradi ule, nami ninayo, lakini mpangilio huo wa umeme kwanza, seva, kisha vifaa, ulikuwa na akili.

Kwa hiyo maoni yangu kwa kamati: mkubali kijana, lakini mwombeni abadilishe orodha. Vishikwambi 12, si 20. Hesabu yake ni hii. Hutafundisha kwa vishikwambi darasa zima kwa mara moja, utafundisha nusu, watoto 46. Makundi kumi ya wanne na mawili ya watatu, 46 hao, vishikwambi 12. Fedha ya vile vinane inunue makava ya mpira, sanduku la chuma lenye kufuli mbili, ekstensheni ya maana, kadi za memori, na ikibaki, paneli na betri. Betri ya kishikwambi cha kawaida hubeba kama wati-saa 20, vyote 12 ni 240. Paneli ya wati 100 yenye jua la Handeni inavimudu kwa siku moja. Vichajiwe mchana, mtu akiwepo. Usiku hapana.

Sasa ugomvi. Ukiwapa watoto wanne kifaa kimoja, mmoja atakishika, mmoja atamvuta mkono, na wawili, mara nyingi wasichana, watatazama migongo ya wenzao. Dawa yake niliipata kwenye daladala. Katika kila kundi kuna dereva, konda na abiria. Dereva ndiye pekee anayegusa skrini, lakini haruhusiwi kuamua. Konda anasoma swali kwa sauti. Abiria wanajibu, wakikubaliana dereva anabonyeza, wasipokubaliana gari haliondoki. Kila maswali matatu ni kituo: dereva anashuka, konda anakuwa dereva, abiria mmoja anakuwa konda. Wiki ya kwanza ni vurugu tupu, utajuta kunisikiliza. Wiki ya tatu utasikia mtoto mkimya kuliko wote akipaza sauti, "Dereva, hatujakubaliana!" na hapo unaweza kutembea darasani ukasikiliza mabishano ya sehemu na desimali kama mtu aliyealikwa.

Cha kuwawekea humo? Usianze na intaneti ya wazi kwa watoto wa umri huo. Kompyuta yako moja iwe seva. Programu iitwayo Kolibri ni ya bure, ina Kiswahili, na ukishaipakulia masomo mara moja mahali penye mtandao, inavihudumia vishikwambi kwa Wi-Fi ya ruta ndogo hapo hapo darasani, bila bando hata la shilingi mia. Humo kuna masomo na mazoezi ya Khan Academy kwa Kiswahili. Vitabu vya kiada viko kwenye Maktaba Mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania, bure. Hadithi fupi za kusoma zipo kwenye tovuti ya African Storybook, nyingi kwa Kiswahili, na unaruhusiwa kuzipakua na kuzichapa. Vipindi vya katuni vya Ubongo Kids, vilivyoanza kurushwa 2014, bado vinafaa kwa Hisabati, ila navyo vikate vipande vya dakika nne. Akili mnemba itumie wewe, jioni, kukutungia maswali ya ziada, na uyakague yote: Kiswahili chake mara nyingine kina ngeli za kubahatisha. Watoto wako hawaihitaji bado.

Ratiba isijazwe. Vipindi viwili vya vifaa kwa wiki kwa darasa moja vinatosha. Zaidi ya hapo utaanza kutafuta mada za kufurahisha mashine.

Wazazi nao wana hoja, usiwabeze. Shirika la UNESCO katika ripoti yake ya mwaka 2023 lilionya kwamba ushahidi mzuri wa faida ya teknolojia shuleni ni haba, na Sweden, nchi tajiri yenye kila aina ya skrini, mwaka huo huo ilianza kurudisha fedha kwenye vitabu vya karatasi. Lakini skrini anayoiogopa mzazi wa Handeni ni simu ya baba usiku, mtoto peke yake, hakuna anayemuuliza ameona nini. Hiyo hata mimi naiogopa. Waelezeni tofauti, na waambieni wazi kwamba vishikwambi havitoki nje ya geti.

Siku ya kikao cha wazazi usihutubie. Wiki mbili kabla, Jumapili jioni, loweka maharage, Jumatatu uyapachike kwenye glasi na kupanga zamu za picha. Kikao kikianza, waulize swali lile lile la darasa, mzizi au jani, wanyooshe mikono, kisha mtoto mmoja awapitishie picha ukutani. Umeme ukikatika hapo katikati, msitishike. Glasi zenyewe ziko dirishani.